Kanuni za besiboli ya watoto wa miaka 8 na chini: pale mabishano yanapoanzia

Mzazi aliyekulia Tabora au Kisumu na sasa anaishi Ohio au Minnesota, mara nyingi anakutana na besiboli kupitia mtoto wake. Mtoto anarudi na fomu, ada inalipwa, glavu inanunuliwa, na ikifika Juni familia nzima iko pembeni ya uwanja kwenye viti vya kukunja, inashangaa kwa nini mwamuzi kanyoosha mikono juu kusimamisha mchezo ilhali mtoto wao alikuwa bado mbioni. Ukimuuliza jirani, anakueleza besiboli ya watu wazima aliyoizoea kwenye televisheni. Lakini kanuni za watoto zina mambo yake, na nyingi hazimo kwenye kitabu kikuu cha mchezo. Zimo kwenye kurasa mbili tatu alizoandika mwandaaji wa mashindano. Kurasa hizo zikiwa na mapengo, Jumamosi nzima inaishia kwenye mabishano.

Haya ni kwa yule aliyeangukiwa na kazi ya kuandika kurasa hizo, na kwa kocha au mzazi anayezisoma usiku wa kuamkia mechi. Nazungumzia zaidi daraja la miaka 8 na chini, lile ambalo kocha wa timu inayopiga ndiye anayewarushia mpira watoto wake mwenyewe.

Aliyecheza raunda shule ya msingi ana nusu ya mchezo tayari. Mpigaji anapiga, anazunguka besi tatu, na akirudi homu, yaani pale alipopigia, salama ni mkimbio mmoja. Timu inapiga hadi wachezaji wake watatu waondolewe, yaani auti tatu. Hiyo ni zamu yake. Zamu mbili, ya hawa na ya wale, ni ininga moja. Gongo ninalolitaja humu ni la kupigia mpira, si lile la kunywa.

Umri unahesabiwa siku gani?

"Miaka 8 na chini" si kanuni mpaka uandike tarehe. Little League, shirika la besiboli ya watoto, huangalia umri wa mtoto ifikapo Agosti 31 ya msimu husika. Waandaaji wengine, hasa wa timu zinazosafiri, wametumia Mei 1. Chukua mtoto aliyezaliwa Juni 2017 na msimu wa 2026. Kwa Agosti 31 ni wa miaka 9, kwa Mei 1 bado ni wa 8. Mtoto huyohuyo, wikiendi mbili tofauti, anaruhusiwa hapa na kukataliwa pale, na kocha wake hakudanganya popote.

Andika tarehe, andika kwamba nakala ya cheti cha kuzaliwa iwe mkononi mwa kocha tangu mechi ya kwanza, na andika mwisho wa kupinga umri ni lini. Pingamizi la umri likiletwa baada ya nusu fainali halina dawa nzuri: ukiifuta timu, wale iliowatoa nusu saa iliyopita wameshaondoka na gari.

Kupima uwanja

Uwanja wa wakubwa una mita 27.43 kati ya besi na besi, yaani futi 90. Wa watoto ni futi 60, mita 18.29. Kipimo hicho kimeshikamana na Little League, iliyoanzishwa na Carl Stotz mwaka 1939 pale Williamsport, Pennsylvania, baada ya kuona kwamba uwanja wa wakubwa unawashinda watoto wa familia yake. Kwa wadogo kabisa, wanaopiga mpira uliowekwa juu ya kigingi, punguza hadi mita 15.24.

Kupima kunahitaji tepu mbili na watu watatu. Ubao wa homu una ncha upande wa nyuma, unakokaa mdakaji, yule anayedaka mpira nyuma ya mpigaji. Vipimo vyote vinaanzia kwenye ncha hiyo. Vuta tepu moja kwa moja kupita katikati ya uwanja hadi mita 25.86, hapo ndipo katikati ya besi ya pili. Sasa mmoja ashike tepu kwenye ncha ya homu, mwingine kwenye besi ya pili, kila mmoja avute mita 18.29 kuelekea kulia. Tepu zinapokutana ndiyo kona ya nyuma ya besi ya kwanza. Rudia kushoto upate ya tatu. Kwa uwanja mdogo wa mita 15.24, ile ya kupita katikati ni mita 21.55.

Makosa ni mawili na ni yaleyale kila mwaka. La kwanza ni kupima kutoka ukingo wa mbele wa ubao wa homu. Ubao una kina cha sentimita 43, kwa hiyo uwanja mzima unasogea. La pili ni kuweka mfuko wa besi ya kwanza na ya tatu nje ya mstari wa chaki. Mifuko hiyo miwili inakaa ndani ya mstari. Ni ya pili tu ambayo katikati yake inakaa juu ya alama. Mfuko ukikaa nje, mpira unaougonga ni halali kwa kitabu lakini kwa macho ya kila mtu uwanjani umetoka. Jiandae.

Chora pia vitu viwili ambavyo uwanja wa wakubwa hauna. Kwanza, mduara wa kipenyo cha futi 10, yaani mita 1.52 kutoka katikati, mahali pa mrushaji. Pili, mstari mfupi wa chaki katikati ya kila besi na besi, mita 9.14 kutoka kila upande. Bila mduara na mistari hiyo, sehemu inayofuata huko chini haitekelezeki.

Gongo na mpira

Hapa ndipo wazazi hupoteza pesa. Tangu Januari 1, 2018, Little League inataka gongo lenye nembo ya USA Baseball. Mashindano yanayofuata kanuni za USSSA, shirika lingine la mashindano, hukubali magongo yenye alama ya 1.15 BPF, ambayo ni ya kipimo kingine kabisa cha nguvu ya gongo. Yote mawili yanapangwa rafu moja dukani na hakuna anayekuuliza unacheza wapi. Karatasi ya kanuni itaje nembo kwa jina, na mwamuzi ayakague magongo yote kabla ya mechi kwa kuyapanga chini mbele ya benchi: nembo, ufa, na mpini usiovuliwa raba yake. Gongo lisiloruhusiwa likigundulika mpigaji akiwa ameshapiga, ni auti. Ukaguzi wa dakika tatu unakuepusha kumtoa mtoto wa miaka 7 kwa kosa la baba yake.

Mpira wa kawaida una uzito wa gramu 142 hadi 149 na mzunguko wa sentimita 23 na ushee. Kwa miaka 8 na chini mimi naona mpira laini zaidi, ule uliotengenezwa kupunguza kishindo, ndio wa kuandika. Sababu si michubuko. Mpira mgumu ukimpiga mtoto kifuani kwa bahati mbaya katika nukta fulani ya pigo la moyo, moyo unaweza kusimama. Ni nadra, lakini ndiyo sababu ya mashine ya kushtua moyo kuwa uwanjani na watu wawili wanaojua ilipo. Andika jina la mahali ilipo: "ukutani, kibanda cha vinywaji, upande wa mlango". "Ipo ofisini" haimsaidii mtu anayekimbia.

Helmeti ni lazima kwa kila mpigaji, kila mkimbiaji, na mtoto yeyote anayesimama kama kocha wa besi. Mdakaji avae barakoa yenye kinga ya koo inayoning'inia, kinga ya kifua na ya miguu, na wavulana wavae kikinga cha sehemu za siri. Viatu vya njumu za chuma haviruhusiwi. Hakuna mtoto kushika gongo akisubiri zamu nje ya benchi. Little League hairuhusu mpigaji wa kujiandaa kwa umri huu, nayo imefanya vizuri, kwa sababu anayeumia mara nyingi ni mwenzake anayepita nyuma yake kutafuta maji.

Kocha anaporusha

Kocha anarusha akiwa mita 10.7 hadi 12.2 kutoka homu. Mpigaji anapata mipira mitano au straiki tatu za kupiga hewa, lolote litangulie. Mpira wa tano ukipigwa ukaenda faulo, yaani nje ya mistari, anapewa mwingine, na mwingine, mpaka aupige uingie au aukose. Hakuna kutembezwa kwenda besi ya kwanza kwa mipira mibaya. Mpira ukimgusa mpigaji, hapati besi; ni kocha wake mwenyewe aliyemrushia. Hakuna kugusa mpira kidogo ili uanguke karibu, hakuna kuiba besi. Mkimbiaji haachi besi mpaka mpira umepigwa. Akitoka mapema, mwonye kwanza. Mara ya pili ni auti. Kanuni ya mpira wa juu ndani ya almasi (eneo la katikati ya besi), ile inayomtoa mpigaji hata mpira usipodakwa na inayowachanganya hata wakubwa, ifute. Ilitungwa kuzuia walinzi wasiangushe mpira makusudi ili wapate auti mbili, na mtoto wa miaka 7 hahitaji kuzuiwa kuangusha mpira.

Walinzi wanakuwa kumi, wanne wakiwa nyuma kwenye nyasi. Usipoandika kwamba hao wanne wasimame kwenye nyasi mpaka mpira upigwe, kocha fulani atamsogeza mmoja nyuma ya besi ya pili, na utakuwa na ukuta wa watoto saba ndani ya almasi. Mtoto anayecheza nafasi ya mrushaji asimame ndani ya mduara, kando ya kocha, asiwe mbele yake kuelekea homu. Huyo ndiye aliye karibu zaidi na gongo; mvalishe helmeti yenye kinga ya uso.

Mpira ukimgonga kocha anayerusha, usiache bila kuandika. Zipo kanuni zinazompa mpigaji besi ya kwanza moja kwa moja, na matokeo yake ni makocha wanaokuwa wazito sana wa kukwepa. Njia safi ni hii: mpira umekufa, yaani mchezo unasimama, hauhesabiwi, arudie. Kocha akiukinga makusudi, mpigaji ni auti na wakimbiaji warudi.

Wapigaji ni watoto wote waliofika, kwa mpangilio mmoja, hata kama ni kumi na watatu. Mtoto akiumia au akipelekwa chooni, anarukwa bila auti. Upande wa kulinda, badilisha watoto upendavyo, ila mtoto asikae benchi ininga mbili mfululizo, na kila mmoja acheze ndani ya almasi walau ininga moja. Hiyo ya mwisho makocha huipinga wakisema ni hatari. Kwa mtoto mmoja mmoja wanaweza kuwa na haki. Basi waseme kabla ya mechi ni nani na kwa nini, mbele ya mzazi.

Mpira unakufa lini?

Ukisoma sehemu moja tu, soma hii.

Kwenye mchezo wa wakubwa mpira haufi kwa sababu tu mlinzi kaushika. Mkimbiaji akitaka kuthubutu, athubutu. Kwa watoto wa miaka 7 hilo linaharibu kila kitu, na chanzo ni mkono. Mtoto akirusha kutoka besi ya tatu kwenda ya kwanza, mpira unafika kwa kudunda au unapita juu ya kichwa cha mwenzake. Kocha mjanja akiliona hilo, anawaambia wakimbiaji wake wasisimame kamwe. Kila mpira unaorushwa unazaa besi nyingine, na pigo la mita sita linamzungusha mtu hadi homu. Timu inayolinda nayo inajifunza: ukidaka usirushe, kimbia nao mkononi. Ikifika mchana hakuna anayerusha mpira uwanjani.

Kuna waandaaji wanaoandika "mchezo unasimama mlinzi akiudhibiti mpira ndani ya almasi". Kudhibiti ni nini? Kaushika huku anaanguka, je? Kaushika huku ameupa mgongo uwanja? Wengine wanaandika "mwamuzi atasimamisha pale wakimbiaji watakapoacha kusonga", na hapo mkimbiaji anarukaruka hatua mbili mbele hatua moja nyuma, mradi asimamishiwe.

Kinachofanya kazi ni mduara. Mpira ukiwa mkononi au ndani ya glavu ya mlinzi yeyote mwenye walau mguu mmoja ndani ya mduara, mwamuzi ananyoosha mikono na mchezo umekwisha. Mpira uliobiringishwa ukapita mduarani hauhesabiki. Ukiwa chini, hauhesabiki. Mlinzi aliyeingia mduarani akarusha kabla mwamuzi hajanyoosha mikono, mchezo unaendelea kwa hatari yake. Kisha unaangalia ile mistari ya nusu njia: mkimbiaji aliyeuvuka anapewa besi ya mbele, ambaye hajauvuka anarudi.

Tuone kwa karibu. Kuna mkimbiaji besi ya kwanza. Mpigaji anapiga mpira wa chini kwenda nyuma kulia. Mlinzi anaukimbilia, unampita katikati ya miguu, anageuka, anaufuata, anaurusha. Wa besi ya pili anaudaka na kukimbia nao mduarani. Mikono ya mwamuzi inapanda. Wakati huo mkimbiaji wa mbele ameshaiacha besi ya pili, yuko hatua nne kuelekea ya tatu, hajafika mstari. Mpigaji naye amepita besi ya kwanza na ameshauvuka mstari wa kwenda ya pili. Kwa karatasi yako, wa mbele arudi besi ya pili na wa nyuma apewe besi ya pili. Watoto wawili, mfuko mmoja, makocha wanne wanapiga kelele.

Sentensi inayotatua ni moja: wa mbele anaamuliwa kwanza, na wa nyuma hawezi kupewa besi ambayo imeshakaliwa. Kwa hiyo mpigaji anarudi ya kwanza ingawa alivuka mstari. Mzazi wake hatafurahi. Ila mzazi wa timu inayolinda naye asingefurahi yule wa mbele kusukumwa bure hadi besi ya tatu, na kati ya dhuluma mbili hii ndiyo isiyoongeza mkimbio.

Utekelezaji wake unataka waamuzi wawili. Wa homu anaangalia mduara, wa besi anaangalia miguu na mistari. Mmoja hawezi kuangalia vyote viwili kwa wakati mmoja. Atatazama mpira, halafu atakisia miguu. Kama bajeti inaruhusu mwamuzi mmoja tu kila uwanja, mweke kijana wa timu ya wakubwa kwenye besi ya pili, umpe bendera, kazi yake iwe mistari tu.

Bado kuna mpira uliorushwa ukapotea. Unaporushwa ukamshinda anayeupokea ukaenda nje, kila mkimbiaji anaruhusiwa besi moja tu ya ziada, na anaikimbilia kwa hatari yake. Ukirushwa tena ukapotea tena kwenye mchezo uleule, hakuna ya ziada. Kikomo hicho ndicho kinachowarudishia walinzi ujasiri wa kurusha.

Saa, na mikimbio mingi kupita kiasi

Zamu moja iwe na kikomo cha mikimbio 5. Ikifika ya tano zamu imekwisha, hata bila auti hata moja. Bila kikomo, timu moja inaweza kupiga dakika arobaini huku walinzi wa nyuma wameketi wanachuma majani, na si mfano wa kuchekesha, ndivyo inavyokuwa. Waandaaji wengi huacha zamu ya mwisho wazi, bila kikomo, ili aliyeachwa nyuma awe na tumaini. Kwa wikiendi yenye ratiba iliyobana, mimi siiandiki. Ukiiandika, mwamuzi lazima atangaze "hii ndiyo ya mwisho" kabla ya mpira wa kwanza wa ininga hiyo, maana kwa mechi ya muda hakuna anayejua ipi ni ya mwisho mpaka iwadie.

Kikomo cha 5 kinakupa pia kanuni ya huruma isiyohitaji ubishi. Timu iliyo nyuma ikibakiwa na zamu mbili, haiwezi kupata zaidi ya 10. Ikiwa imeachwa kwa 11, mechi imekwisha. Ikibakiwa na moja, 6 zinatosha. Ila hesabu hii inavunjika ukiacha zamu ya mwisho wazi, chagua moja.

Muda: ininga 6 au dakika 75. Andika hivi: hakuna ininga mpya kuanza baada ya dakika 75, na ininga mpya inahesabiwa imeanza pale auti ya tatu ya ininga iliyotangulia ilipopatikana, au mkimbio wa tano ulipoingia. Auti ikipatikana dakika ya 74 na sekunde 50, ininga nyingine inachezwa. Usipoeleza hivyo, makocha watavuta muda kufunga kamba za viatu, na wenzao watadai walikuwa wameshaingia uwanjani. Saa ianze mwamuzi anapotamka "cheza", iwe ya mtu mmoja, na waandishi wa mikimbio wa timu zote mbili waandike dakika hiyo juu ya daftari.

Kinachokula muda hasa ni mdakaji kuvaa. Vifungo vya miguuni peke yake ni vinne hadi sita kila upande. Dawa yake: mdakaji wa ininga ijayo akiwa kwenye besi na auti zimefika mbili, anatolewa akavae, na mahali pake anakimbia yule aliyetolewa auti mara ya mwisho. Mtu mzima mmoja apewe kazi ya kufunga vifungo. Kwa siku yenye mechi sita kila uwanja, hilo tu linarudisha dakika nyingi.

Ratiba, na timu zinapolingana

Tuchukue timu 8, makundi mawili ya nne, viwanja viwili. Mechi za makundi ni 12, nusu fainali mbili, fainali moja, jumla 15. Kila mechi ipewe dakika 90 pamoja na kusafisha uwanja. Ukianza saa 2 asubuhi, mechi sita kila uwanja zinaisha saa 11 jioni. (Ratiba ya Kimarekani itaandika 8:00 na 5:00. Ukiituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, andika zote mbili. Kuna bibi na babu wanaosoma 8:00 kama saa nane mchana.)

Kosa la kawaida ni kuligawia kila kundi uwanja wake. Timu nne kwenye uwanja mmoja haziwezi kumaliza mechi zao sita bila timu kucheza mbili mfululizo. Upange utakavyo, itatokea walau mara mbili. Badala yake, kundi A litumie viwanja vyote viwili kwa pamoja, kisha kundi B, kisha A tena. Kila timu inapata dakika 90 za kupumzika na kula kati ya mechi na mechi, na kundi A linaondoka saa 9:30 alasiri. Viwanja ni vilevile, saa ni zilezile.

Kulingana kwa ushindi ndiko kunakochemsha watu. Mpangilio unaofaa: kwanza nani alimfunga nani, iwapo waliolingana ni wawili, pili mikimbio waliyofungwa, tatu tofauti ya mikimbio, isiyozidi 8 kwa mechi moja, mwisho sarafu. Kikomo cha 8 kinaondoa sababu ya kumponda aliyeshindwa. Na mikimbio ya kufungwa igawanywe kwa idadi ya zamu ambazo timu ililinda, kwa sababu mwenyeji, yaani timu inayopiga ya pili kila ininga, akiwa anaongoza hapigi zamu yake ya mwisho, na mgeni aliyeshindwa anaonekana kafungwa kidogo kwa kuwa alilinda mara chache.

Wakilingana watatu, kuna shimo ambalo karatasi nyingi hazijalifunika. Timu A imeifunga B 9 kwa 6, B imeifunga C 11 kwa 4, C imeifunga A 8 kwa 7, na wote watatu wameifunga D. Kwa mechi zao hizo tatu, zote za zamu sawa, B imefungwa 13, A imefungwa 14, C imefungwa 18. B ni wa kwanza, hakuna ubishi. Nani wa pili? Ukiendelea na hesabu ileile, ni A, kwa 14 dhidi ya 18. Ukisema sasa wamebaki wawili, turudi mwanzo, ni C, maana iliifunga A. Matokeo ni yaleyale, nusu fainali ni ya timu tofauti. Vyovyote utakavyochagua, andika neno "tunaendelea" au "tunaanza upya" kabla ya Jumamosi. Ukichagua siku yenyewe, utaambiwa umechagua timu.

Watoto wakirusha wenyewe

Daraja likiruhusu watoto kurusha, hesabu mipira. Kwa Little League, mtoto wa miaka 7 na 8 mwisho wake ni mipira 50 kwa siku, wa 9 na 10 ni 75. Akifika kikomo katikati ya mpigaji, anaruhusiwa kummaliza huyo. Kisha kuna mapumziko: mipira 1 hadi 20 hana siku ya kupumzika, 21 hadi 35 siku moja, 36 hadi 50 siku mbili. Kwa mashindano ya Jumamosi na Jumapili, namba inayotawala ni 20. Aliyerusha 22 Jumamosi asubuhi hagusi mduara Jumapili. Na aliyerusha 41 au zaidi hawezi kuwa mdakaji siku iliyobaki, kwa kuwa mdakaji hurudisha mpira kila mara na bega halipumziki.

Hesabu ishikwe na mtu mmoja asiye na timu, na ilinganishwe na vitabu vya timu mwisho wa kila ininga. Mkisubiri mechi iishe, mmoja atakuwa na 19 na mwingine 23.

Wanaopiga juu ya kigingi hawahitaji mengi ya haya. Kila mtoto apige kila zamu, wa mwisho akishapiga mnabadilishana, na hakuna kuandika mikimbio. Chora tao la mita 3 hadi 4.6 mbele ya homu. Mpira usiolivuka ni faulo, ili watoto wasirundikane mbele ya gongo. Mtu mzima ndiye anayeweka mpira na kukiondoa kigingi baada ya pigo, la sivyo mkimbiaji anayerudi homu atakikwaa.

Radi, pingamizi na daftari

Ngurumo ikisikika, wote watoke, dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Kukaa kwenye benchi lenye paa la bati si kujikinga. Nendeni kwenye magari. Mechi iliyokatishwa baada ya ininga tatu kamili ni halali, kabla ya hapo inaendelezwa pale ilipoishia.

Alichoona mwamuzi hakipingwi: salama au auti, faulo au ndani. Kinachopingwa ni kanuni iliyotumiwa vibaya, na ni kocha mkuu peke yake, kabla ya mpira unaofuata kurushwa. Video ya simu ya shangazi haitazamwi.

Gongo likirushwa baada ya kupiga, onyo moja kwa timu nzima, mara ya pili mpigaji ni auti. Kuteleza kwa kichwa kwenda besi ya mbele ni auti. Kurudi nyuma kwa kichwa kunaruhusiwa.

Daftari rasmi ni la mwenyeji, na mwenyeji anapatikana kwa sarafu. Waandishi wakae pamoja, walinganishe mwisho wa kila zamu, wakisomeana kwa sauti mikimbio na nani anaanza kupiga zamu ijayo. Mwishoni makocha wote wawili waweke saini papo hapo homu, kabla watoto hawajapewa barafu. Barafu ikishafika, hutampata kocha wa kusaini.